Kompyuta imezimwa, ufunguo wake anao nani?

*Kompyuta nyingi za ofisini, zikiwemo za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Nairobi, zina chipu inayomwezesha fundi aliye mbali kuziwasha, kuziona na kuzitengeneza hata Windows ikiwa imekufa. Wanaozimiliki mara nyingi hawana habari, na hapo ndipo hatari inapoanzia.*

Na Mwandishi Wetu

IJUMAA ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa mtandao ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho dogo kwa wateja wake duniani kote. Faili lililotumwa lilikuwa na kasoro. Kompyuta za Windows zilizolipokea zilizima, zikajiwasha, zikazima tena, kisha zikaganda kwenye skrini ya bluu.

Ilipofika saa 2:27 kampuni ilikuwa imeshaliondoa faili hilo. Zilikuwa zimepita dakika 78 tu, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikwishaanguka: za viwanja vya ndege, hospitali, benki na vituo vya televisheni.

Dawa yake haikuwa ngumu. Unaiwasha mashine katika hali salama, unaingia kwenye folda moja, unafuta faili moja, unawasha upya. Shida ni kwamba mtu alitakiwa asimame mbele ya kila mashine ndipo kazi hiyo ifanyike.

Mafundi waliozoea kutengeneza kompyuta za matawini bila kuinuka kwenye viti vyao walijikuta hawana la kufanya. Programu wanazotumia kuingia kwenye mashine za mbali zinaishi ndani ya Windows, na Windows ndiyo iliyokuwa chali. Mkuu wa shirika la ndege la Delta, Ed Bastian, alisema baadaye kwamba iliwabidi wawashe upya seva 40,000 kwa mikono. Shirika hilo lilifuta safari zipatazo 7,000.

Ilikuwapo njia nyingine kwa wale waliokuwa wameiandaa mapema. Siku hizo hizo Intel ilitoa maelekezo ya namna ya kuzifufua mashine zilizoanguka kwa kutumia uwezo uliomo ndani ya vifaa vyenyewe, chini kabisa ya Windows. Uwezo huo umo kwenye mamilioni ya kompyuta za biashara, lakini haufanyi kazi mpaka mtu auweke tayari.

Huko kuuweka tayari ndiko kunakozua ubishi. Kwa afisa tehama ni mkombozi. Kwa watetezi wa faragha ni sehemu ya kompyuta ambayo mwenye mali haioni wala hawezi kuikagua. Kwa mnunuzi wa kompyuta ya mtumba ni jambo ambalo hakuna aliyemtajia dukani.

Fundi anayepita chini ya Windows

Wengi wetu tunazijua AnyDesk na TeamViewer. Unampigia fundi simu, unamsomea namba, naye anaanza kusogeza kipanya chako akiwa Mbagala au Mumbai. Programu hizo zinasaidia ilimradi Windows inawaka. Windows ikigoma, nazo zimegoma.

Mfumo tunaouzungumzia hapa hauko kwenye diski. Umo kwenye chipu iliyo juu ya bodi kuu ya kompyuta. Intel huiita Management Engine, kwa kifupi ME: prosesa ndogo yenye programu yake na sehemu yake ya kumbukumbu, inayofanya kazi bila kungoja ruhusa ya prosesa kubwa. Kwenye mashine za biashara zenye nembo ya vPro, ndani ya ME hiyo kuna huduma iitwayo AMT. Hiyo ndiyo inayompokea fundi wa mbali.

AMT hutumia kadi ile ile ya mtandao ya kompyuta. Ujumbe unaoingia kupitia poti namba 16992 hadi 16995 hukamatwa na kupelekwa kwenye ME kabla Windows haijauona. Kwa hiyo faiwoli ya Windows haina habari nao, wala haiwezi kuuzuia.

Kompyuta iliyochomekwa ukutani hubaki na umeme kidogo hata ikizimwa, ule ule unaowasha kitaa cha kadi ya mtandao kule nyuma. Umeme huo unaitosha ME. Fundi anaweza kuiwasha mashine, akaiona skrini yake tangu nembo ya kiwanda inapotokea, akaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, hata akaifanya iwake kwa kutumia faili la diski lililo kwenye kompyuta yake yeye, katika mji mwingine.

> Ujumbe wa fundi hukamatwa na chipu kabla Windows haijauona. Faiwoli ya Windows haina habari nao.

Si teknolojia ya jana. Nembo ya vPro ilizinduliwa mwaka 2006, na uwezo wa kuona skrini na kutumia kibodi kutoka mbali ukaongezwa mwaka 2010. Kwenye seva habari ni ya zamani zaidi: mwaka 1998 Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC walikubaliana kanuni za pamoja zinazoitwa IPMI. Leo ni nadra kukuta seva ya maana isiyo na kompyuta ndogo ndani yake ya kuisimamia. HPE huiita iLO, Dell huiita iDRAC. Upande wa AMD, mashine za ofisini hufuata kanuni za DASH.

Siri inayoizunguka ME iliwahi kumshangaza hata mtu ambaye kazi yake imo ndani yake. Mwaka 2017 ilifahamika kwamba ME za miaka ya karibuni zinaendeshwa na MINIX, mfumo endeshi ulioasisiwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Profesa huyo aliiandikia Intel barua ya wazi akisema kwamba pengine MINIX sasa ndio mfumo endeshi unaotumika zaidi kwenye kompyuta duniani. Leseni yake iliruhusu matumizi hayo, aliongeza, ila ingekuwa uungwana angalau kumjulisha.

Posho ya safari au dakika kumi?

Kwa ofisi za Afrika Mashariki, hoja ya kuitumia teknolojia hii inaanzia barabarani. Chukua taasisi yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi Mtwara, Kigoma na Bukoba. Kompyuta ya mhasibu wa Bukoba ikigoma kuwaka, fundi ana zaidi ya kilomita elfu moja mbele yake, pamoja na nauli, posho ya kulala na siku za kazi zinazopotea. Mara nyingi akifika anakuta ni mpangilio mmoja tu wa BIOS uliovurugika, au sasisho la Windows lililoishia njiani.

AMT ikiwa imewekwa, fundi yule anaikagua mashine kutoka mezani kwake. Akigundua kwamba diski ndiyo iliyokufa, anajua hivyo kabla hajafunga safari, na anaondoka na diski mpya mkobani.

Faida nyingine ni umeme. Bila mfumo huu, ofisi nyingi huacha kompyuta zikiwaka usiku kucha ili zipokee masasisho. Zikiwa na AMT, huzimwa jioni zote, zikawashwa na seva saa nane za usiku, zikasasishwa, zikazimwa tena.

Lakini umeme huo huo ndio mpaka wa uwezo wake. TANESCO wakikata, au mtu akichomoa waya ukutani, ME inazimika kama kifaa kingine chochote. Ruta ya tawini nayo isipokuwa na betri ya akiba, fundi wa mbali hana pa kupita. Kompyuta mpakato inayotumia betri nayo haitegemewi kujibu ikiwa imezimwa. Inahitaji kuwa kwenye chaji.

Kuna kikwazo kingine. Matawi mengi hupata intaneti kwa laini za simu, ambako mashine za ndani hazina anwani inayofikika moja kwa moja kutoka nje. Kwa hali hiyo AMT hupangwa ili yenyewe ndiyo iipigie seva ya makao makuu kwa njia iliyofichwa kwa usimbaji, badala ya kungoja kupigiwa. Hilo linahitaji mtu anayejua anachokifanya.

Inavyowekwa, hatua kwa hatua

Kazi yenyewe huanzia mbele ya mashine. Fundi huiwasha na kubonyeza Ctrl na P kwa pamoja kabla Windows haijaanza kupakia. Kwenye baadhi ya Dell hupitia menyu ya F12. Hapo hufunguka ukurasa mkavu wenye maandishi matupu, unaoitwa MEBx.

Ukurasa huo huomba nywila. Mashine ikiwa mpya, nywila ni neno ambalo kila fundi analijua: admin. Ukiliandika, mfumo unakulazimisha uweke jipya lenye herufi zisizopungua nane, likiwa na herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama.

Baada ya hapo fundi huwasha huduma ya mtandao, huamua kama mashine itapewa anwani na ruta au itakuwa na ya kudumu, kisha huchagua huduma zitakazoruhusiwa. Tangu hapo, kutoka kompyuta nyingine, kivinjari kikielekezwa kwenye anwani ya mashine ile na poti 16992, ukurasa wa AMT unafunguka. Mafundi wengi huongeza programu za bure kama MeshCommander au MeshCentral ili waone skrini. Kwa matumizi ya kazini inafaa kuwasha usimbaji na kuhamia poti 16993, ili nywila na mazungumzo yasipite wazi kwenye kebo.

Yapo mambo mawili yanayowapoteza wanaoanza. La kwanza, huduma hii inataka kadi ya mtandao ya Intel iliyo kwenye bodi yenyewe. Kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB hakiwezi. La pili, kuona skrini kunategemea grafiki za Intel zilizomo ndani ya prosesa, kwa hiyo ukichomeka monita kwenye kadi nyingine ya grafiki, fundi wa mbali ataona giza.

Uamuzi mzito zaidi unahusu ridhaa ya mtumiaji. Zipo namna mbili za kuiwasha AMT. Katika namna nyepesi, inayoweza kuwekwa kwa programu ndani ya Windows bila kugusa MEBx, fundi akitaka kuiona skrini, namba ya tarakimu sita hutokea kwenye mashine ya mtumiaji, naye lazima amsomee. Katika namna ya utawala kamili, inayotaka fundi aguse mashine au awe na cheti maalumu cha kidijitali, sharti hilo linaweza kuondolewa.

Hata likiondolewa, skrini inayotazamwa huzungukwa na mstari wa rangi nyekundu na njano unaomwekamweka. Swali ni kama karani anayeuona mstari ule ameshaelezwa maana yake.

Jibu tupu lililofungua milango

Hoja ya wanaopinga si ya kubuni. Mei 1, 2017 Intel ilitangaza kasoro kwenye AMT iliyogunduliwa na mtafiti Maksim Malyutin wa kampuni ya Embedi. Iligusa matoleo ya 6 hadi 11.6, yaani mashine za biashara zilizotengenezwa tangu 2010 hivi.

Kosa lenyewe lilikuwa la kushangaza kwa udogo wake. Mtu anapoingia kwenye AMT, kivinjari hakitumi nywila yenyewe, hutuma jibu lililokokotolewa kutokana nayo. AMT ililinganisha jibu hilo na jibu sahihi, lakini ilihesabu herufi nyingi kadiri ya zile alizotuma mgeni. Mgeni akituma jibu tupu, herufi sifuri zililinganishwa na herufi sifuri. Zikalingana, akaingia.

Mwezi uliofuata Microsoft ilieleza kwamba kundi la wadukuzi liitwalo PLATINUM, linalolenga taasisi za Kusini-Mashariki mwa Asia, lilikuwa likihamisha mafaili kupitia AMT. Kundi hilo halikuhitaji kasoro yoyote. Likiwa na ruhusa za msimamizi kwenye mashine lilizokwishaziteka, lilitumia huduma ile kama ilivyoundwa, na faiwoli za mashine hizo hazikuona kitu.

Januari 2018 mtafiti Harry Sintonen wa F-Secure, kampuni ya Finland, alionyesha jambo jepesi zaidi. Kompyuta mpakato ya kampuni ikiachwa kidogo hotelini, mtu anaweza kuiwasha, akabonyeza Ctrl na P, akaandika admin, akaweka nywila yake na kufungua huduma ya mtandao. Nywila ya BIOS haikumzuia, wala ya Windows. Kazi hiyo haikufika dakika moja.

> Aliyeiacha AMT bila kuigusa hakuwa ameifunga. Alikuwa amemwachia mwingine aifungue.

Tukio hilo ndilo linalobadilisha mjadala wote. Wamiliki wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawajawahi kuiweka AMT, basi haiwahusu. Sintonen alionyesha kinyume chake: mashine iliyo hatarini zaidi ni ile ambayo mwenyewe hajawahi kuufungua ukurasa wa MEBx, kwa sababu nywila yake ingali ile inayojulikana na ulimwengu mzima.

Seva nazo zina mkasa wao. Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha kwamba kanuni za IPMI toleo la pili humruhusu mtu asiye na ruhusa kuchukua alama ya siri ya nywila na kwenda kuivunja kwa nafasi yake. Desemba 2021 kampuni moja ya usalama ya Iran ilieleza kuhusu programu haribifu iliyojificha ndani ya iLO za seva za HP, mahali ambapo kufuta diski na kuweka mfumo upya hakuigusi. Juni 2025 mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, iliingiza kasoro ya programu ya AMI MegaRAC, inayotumika kwenye seva za kampuni nyingi, kwenye orodha ya kasoro ambazo wadukuzi tayari wanazitumia.

Watengenezaji na wakosoaji

Watetezi wa programu huria na wa haki za kidijitali wana malalamiko ya msingi. Programu ya ME imefungwa, mnunuzi hawezi kuisoma, na kwenye mashine za kawaida hapewi swichi ya kuizima kabisa. Mei 2017, baada ya kasoro ile ya jibu tupu, taasisi ya EFF ya Marekani iliitaka Intel iwape wateja njia ya kuizima.

Miezi mitatu baadaye watafiti wa kampuni ya Positive Technologies ya Urusi waliikuta swichi yenyewe. Ilikuwa imefichwa, imewekwa kwa ajili ya mpango wa serikali ya Marekani wa kompyuta zenye usalama wa juu. Intel ilikiri kwamba iliiweka kwa maombi ya wateja waliohusika na mpango huo. Wakosoaji wakauliza: kama serikali moja inayo sababu ya kuizima, kwa nini mnunuzi wa kawaida asiwe nayo? Baadaye kampuni ndogo kama Purism na System76 zikaanza kuuza kompyuta ambazo ME yake imezimwa.

Oktoba 2024 chama cha usalama wa mtandao cha China nacho kiliituhumu Intel kwamba ME ni mlango wa nyuma, kikataka bidhaa zake zikaguliwe. Intel kwa miaka yote imeshikilia kwamba haiweki milango ya nyuma kwenye bidhaa zake, na kwamba haiwezi kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ridhaa yake.

Kwa yaliyokwisha kuwekwa hadharani, matukio tuliyoyataja yalitokana na makosa ya waandishi wa programu, nywila zilizoachwa kama zilivyotoka kiwandani, na wadukuzi waliokwishapata ruhusa kwa njia nyingine. Hilo halimalizi hoja ya wakosoaji. Linaelekeza tu mahali ambapo mmiliki anaweza kufanya kitu leo, bila kungoja Marekani na China wapatane.

Mtumba una historia yake

Nenda Kariakoo, au maduka ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, uulize kompyuta ya ofisi ya bei nafuu. Utaonyeshwa Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Kwa mpakato utapewa EliteBook, Latitude au ThinkPad. Muuzaji atakutajia kizazi cha prosesa, RAM na ukubwa wa SSD. Akiwa Nairobi atakuambia kwa fahari kwamba ni mashine iliyotoka Uingereza.

Hizo ndizo hasa mashine za biashara ambazo mara nyingi hubeba nembo ya vPro. Zilikuwa za benki, halmashauri au vyuo vya huko zilikotoka, na huenda idara ya tehama ya huko iliiwasha AMT.

Kabla ya kuuzwa hufutwa diski, zikawekwa Windows upya. Lakini mipangilio ya AMT haikai kwenye diski. Imo kwenye chipu ya bodi kuu, na kufuta diski hakuigusi hata kidogo. Mnunuzi anaweza kufika nyumbani na mashine ambayo nywila yake ya ndani inajulikana na mtu asiyemfahamu. Ni sawa na kuhamia kwenye nyumba uliyoinunua bila kubadilisha kitasa.

Kwa hali ya kawaida mtu huyo hawezi kuifikia mashine iliyo nyuma ya ruta ya Sinza. Hatari inakuja pale kompyuta ilipo kwenye mtandao wa watu wengi: chuo, hosteli, hoteli, ofisi za kupanga. Inazidi pale programu ya ndani inapokuwa ya kabla ya Mei 2017 na haijasasishwa, kwani jibu tupu bado linakubalika. Prosesa za kizazi cha nne, zinazopatikana kwa wingi madukani, ziko katikati kabisa ya matoleo yaliyoathirika.

Mashine zaidi ziko njiani. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, na prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Ofisi za Ulaya na Marekani zina sababu ya kuzitoa, na soko la mtumba ndipo nyingi zinapoishia.

> Kufuta diski na kuweka Windows upya hakuigusi AMT. Mipangilio yake imo kwenye chipu ya bodi kuu.

KABLA HUJAITUMIA KOMPYUTA YA MTUMBA

• Tafuta nembo ya vPro kwenye kasha. Isipokuwapo, bado ingia BIOS uangalie kama kuna kipengele cha AMT au ME.

• Washa mashine ukibonyeza Ctrl na P. Ukurasa wa MEBx ukifunguka, jaribu admin. Ikikubali, weka nywila yako hapo hapo na uiandike mahali salama.

• Isipokubali, mtu mwingine aliibadilisha. Tafuta ndani ya BIOS kipengele cha kufuta mipangilio ya AMT. Kwenye baadhi ya mashine, kuondoa betri ndogo ya bodi kuu kwa muda huirudisha kwenye hali ya kiwandani.

• Kama huihitaji, izime kwenye BIOS. Baadhi ya Lenovo zina chaguo la kuizima moja kwa moja. Ukilichagua hakuna kurudi.

• Pakua sasisho la BIOS na la ME kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine yako, si kwingineko.

• Ofisini, funga poti 16992 hadi 16995 kwenye ruta kwa yeyote atokaye nje, na uzitenge seva zenye iLO au iDRAC kwenye mtandao wao peke yao.

Nani ameandikwa kwenye daftari?

Kwa taasisi, suala hili halimalizwi na fundi peke yake. Mwenye nywila ya AMT ana uwezo mkubwa kuliko mkurugenzi juu ya kila mashine aliyoiweka. Akiacha kazi na nywila yake kichwani, kila kompyuta ya ofisi imeondoka naye.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Taasisi inayoweka AMT inahitaji orodha ya mashine zenye huduma hiyo, mahali nywila zinapotunzwa, majina ya walioruhusiwa kuzitumia, na kumbukumbu ya kila aliyeingia na sababu yake. AMT yenyewe inaweza kutunza kumbukumbu ya kuingia na kutoka. Kinachohitajika ni mtu wa kuisoma.

Wafanyakazi nao wana haki yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake tangu 2019. Skrini ya muuguzi ina majina ya wagonjwa, ya mwalimu ina matokeo ya wanafunzi. Mwajiri anayeondoa ile namba ya tarakimu sita na asiwaambie watumishi wake kwamba skrini zao zinaweza kutazamwa, atapata shida kueleza mbele ya tume au kamishna ni kwa misingi gani alizitazama.

Kwa hospitali ya wilaya au shule iliyopokea kompyuta za msaada, busara ni kuanza na ridhaa ya mtumiaji, kwa namna ile ya tarakimu sita, na kuacha utawala kamili kwa mashine ambazo hazina mtu mezani: seva, vibanda vya tiketi, kompyuta za chumba cha mitambo. Nyaraka za zabuni nazo zinaweza kuongezwa sharti moja lisilo na gharama kubwa, kwamba muuzaji akabidhi mashine ikiwa AMT imefutwa mipangilio yote ya zamani na programu ya ndani imesasishwa.

Anayesema haitaki teknolojia hii ana haki kamili ya kuikataa, lakini kuikataa nako ni kazi ya mikono: kufungua BIOS, kuizima, kuandika kwenye daftari kwamba imezimwa. Anayeitaka ana kazi iyo hiyo, pamoja na nywila na usimamizi. Asiyefanya lolote ndiye pekee ambaye uamuzi wake utafanywa na mtu mwingine, na huenda mtu huyo ameshaufanya kabla mashine haijapakiwa kwenye kontena.